Plagi Zilizokwama Katika Injini ya Zamani
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Halmashauri imenitaka nizungumze nanyi leo juu ya jambo ambalo huenda wengine wenu wataliona halistahili kusomwa katika mkutano wa makarani, nalo ni namna ya kufungua plagi za motokaa zilizokwama. Nilipokuwa naingia mlangoni nilimsikia bwana mmoja akimwambia mwenzake ya kwamba kazi ya karani ni kalamu, na spana ina wenyewe. Sina ugomvi naye. Lakini Kombi yetu, ile tuliyoinunua kwa michango yetu wenyewe ili ichukue wagonjwa wetu na kuwasindikiza marehemu mpaka makwao, imesimama chini ya mwembe tangu mwezi uliopita, nayo itaendelea kusimama pale mpaka plagi yake ya tatu itoke. Fundi tuliyemwita aliijaribu mara moja, ikakataa, naye akatuambia ya kwamba hapana njia ila kushusha injini nzima na kuivua hedi. Gharama aliyoitaja yazidi fedha zote zilizomo katika Mfuko wa Mazishi. Basi, katika ajenda ya leo, baada ya hotuba hii, mtaulizwa kupiga kura: tumlipe fundi, au tuiuze Kombi kama ilivyo. Mimi nimeombwa nieleze kama iko njia ya tatu. Naamini iko, ila yataka siku kadhaa na mkono mwepesi. Mkiisha kuisikia mtaamua wenyewe.

Yafaa kwanza tuielewe plagi yenyewe, maana mtu hawezi kukifungua vema kitu asichojua kilivyofungwa. Ndani ya silinda mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa hugandamizwa na pistoni, kisha sharti uwashwe. Kiwashio ndicho plagi. Umeme wa volti elfu nyingi hushuka katika ncha ya katikati, iliyozungukwa na kauri nyeupe ili usipotee njiani, nao huruka mwanya mwembamba, ambao katika injini ya Kombi yetu ni milimita 0.7 hivi, na cheche yake ndiyo iwashayo mvuke ule. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila plagi yatoa cheche mara 25 katika sekunde moja. Kazi hii huifanya katikati ya moto, na nje yake kuna vumbi, matope na mvua ya barabara zetu. Haishangazi ikiwa baada ya miaka hushikamana na mahali ilipokaa.

Ganda la plagi ni chuma cha pua, na sehemu yake ya chini imekatwa hesi. Katika Volkswagen za injini ya kupozwa kwa hewa, Kombi na ile ndogo yenye mgongo wa kobe, upana wa hesi hizo ni milimita 14, na kutoka hesi moja hata ya pili ni milimita 1.25. Urefu wa sehemu yenye hesi ni nusu inchi, yaani milimita 12.7. Makarani wa hesabu waliopo hapa wamekwisha kugawanya, nao wameona ya kwamba zilizoishika plagi ni hesi kumi tu. Tena hesi hizo kumi hazikukatwa katika chuma, zimekatwa katika alumini, na alumini ni laini. Naomba mliweke neno hili moyoni kuliko yote nitakayosema. Tukishindana nguvu na plagi hii, chuma kitashinda alumini. Plagi itatoka kweli, lakini itatoka imevikwa hesi za hedi.

Nimeliona jambo hilo kwa macho. Mwanachama mmoja, ambaye amenipa ruhusa nilisimulie bila kumtaja, alikuwa na Volkswagen ndogo ya mwaka 1968. Aliipeleka katika karakana moja ya mjini, nayo pia sitaitaja. Kijana wa pale alikuta plagi ngumu, akachukua bomba la maji la urefu wa mkono mzima, akalichomeka katika mpini wa spana na kulining'inia. Plagi ilizunguka kwa urahisi sana, hata wote wakafurahi. Ilipotoka ilikuwa na kitu kama kamba ya fedha inayong'aa iliyoizunguka kama nyoka, na tundu lililobaki lilikuwa laini kama ndani ya kikombe. Karakana ilikana jukumu, ikisema motokaa ilikuwa mbovu tangu hapo. Mwenzetu alikwenda kazini kwa miguu kwa miezi minne.

Sasa, kwa nini plagi hushika? Sababu ni nyingi, nazo mara nyingi huja pamoja.

Ya kwanza ni ndoa ya madini mawili yasiyopatana. Chuma na alumini vikigusana, na katikati yao pakiwa na unyevu wenye chumvi au uchafu, hufanya kama betri ndogo, na alumini huliwa polepole ikaacha unga mweupe. Unga huo hujaa katika hesi na kuzibana. Watu wa pwani wanaujua vizuri zaidi. Ya pili ni masizi. Moshi wa moto wa silinda hupenya katika hesi za chini na kuganda ukawa mgumu kama mkaa wa mawe. Hapa liko jambo ambalo wenye maduka ya vipuri hawatuambii: plagi yenye hesi ndefu kuliko ile iliyoamriwa na watengenezaji itatokeza ncha yake ndani ya silinda, na hesi zile za nje zitajaa masizi, siku ya kuifungua, masizi yale yatapanda pamoja na plagi yakichimba alumini njiani kama jembe. Ndiyo maana haitoshi kununua plagi kwa kutazama unene wake. Sharti urefu wake nao ulingane.

Ya tatu ni kukaza kupita kiasi. Fundi wengi hudhani ya kwamba nguvu ni uaminifu. Ya nne ni kuzisahau. Plagi za namna ya kale, zilizo na ncha ya kawaida, yapasa kubadilishwa kila baada ya kilomita 16,000 hivi, na katikati ya safari hiyo zitolewe, zisafishwe, zipimwe mwanya na kurudishwa. Plagi inayotolewa mara kwa mara haipati nafasi ya kuota mizizi. Nimetazama katika daftari la Kombi yetu. Petroli imeandikwa kila lita, na senti zake. Plagi hazikuandikwa hata mara moja.

Tena plagi ya tatu ina dhiki yake peke yake. Katika injini hii silinda zimelala, mbili kulia na mbili kushoto, na ya tatu iko upande wa kushoto, ile iliyo mbele, yaani iliyojificha kabisa kwa mtu anayeinama nyuma ya motokaa. Kwa kuwa haionekani, ndiyo inayorukwa. Zaidi ya hayo, katika injini zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1971, kipoza mafuta kilisimama ndani ya nyumba ya feni, katika njia ya hewa inayokwenda upande huo, hata silinda ya tatu ikapata hewa haba kuliko wenzake, na moto ukazidi. Yetu ni mojawapo ya hizo. Tena, nilipochungulia kwa tochi, niliona ya kwamba kile kizibo cha mpira kinachovaliwa na waya wa plagi, ambacho huziba tundu la bati la injini, hakipo. Basi hewa ya kupoza hutorokea hapo, na injini ikisimama vumbi huingia hapo.

Haya, tuje kwenye kazi.

Siku ya kwanza hatutagusa spana kabisa. Injini iwe baridi. Utaivuta kofia ya waya kwa kuishika kofia yenyewe, si waya, huku ukiizungusha kidogo kulia na kushoto; na kila waya utaufunga kitambaa chenye namba, maana waya zikipishana injini itakohoa au haitawaka kabisa, nanyi mtadhani mmeharibu kitu. Kisha lipulize shimo la plagi mpaka liwe safi. Mwenye kompresa na atumie kompresa. Asiye nayo, pampu ya baisikeli yenye mpira mrefu yatosha, nami nimeitumia mara nyingi. Usafi huu si wa urembo. Kokoto moja ndogo ikiangukia ndani ya silinda baada ya plagi kutoka, itakwaruza pistoni na kuta zake, na hapo ndipo tutakapomhitaji fundi kwa kweli.

Shimo likiisha kusafika, tia mafuta ya kupenya. Yako ya kopo, yauzwayo kwa kazi hiyo hasa, nayo ni mazuri. Wengine huchanganya mafuta ya gia ya otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu, na mchanganyiko huo hupenya sana, ila asetoni hushika moto upesi na huharibu rangi na plastiki. Nami nasema usitumike karibu na injini yenye joto, wala mtu asivute sigara hapo. Mafuta ya taa yaliyochanganywa na mafuta ya injini kidogo ni dawa ya wazee, yenda polepole lakini yafika. Matone matatu au manne yatosha, yakizunguka mguu wa plagi mahali inapokutana na hedi. Shimo limelala mshazari, kwa hiyo ukimimina kama anayemwagilia mchicha yote yatatiririka juu ya bati, nawe utapata moshi tu siku utakapoiwasha. Tia asubuhi, tia jioni. Fanya hivyo siku tatu au nne. Kati ya nyakati hizo waweza kuligonga ganda la chuma la plagi kwa kipande cha mti kigumu na nyundo ndogo, kwa upole, mara kumi au kumi na tano. Mtikisiko huufungua unga na kuyapa mafuta njia. Usiiguse kauri, maana kauri haina subira.

Siku ya nne ndipo tutakapotumia joto, na hapa mafundi wenyewe hawapatani. Wako wasemao plagi ya hedi ya alumini isifunguliwe kamwe injini ikiwa na joto, kwa kuwa alumini yenye joto ni laini na hesi zake huraruka upesi. Wasemalo ni kweli, na kwa plagi ya kawaida isiyo na ukaidi nitafuata shauri lao. Lakini kwa plagi iliyoshika iko hoja ya upande wa pili. Alumini hupanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma. Watu wengi hudhani ya kwamba hedi ikipanuka tundu lake hupungua. Sivyo. Tundu hupanuka pamoja na bamba lililolizunguka, kana kwamba lingekuwa limejazwa madini yale yale. Basi joto likipanda digrii 60, tundu la plagi litapanuka kuliko plagi kwa kiasi cha sehemu moja ya mia ya milimita. Ni kidogo, lakini unga ule mweupe nao ni mwembamba, na nafasi hiyo ndogo ndiyo njia tuitafutayo. Shauri langu ni la kati. Kombi yetu bado yawaka kwa silinda tatu. Iwashwe dakika chache pale pale iliposimama, izimwe, kisha tungoje mpaka mtu aweze kuweka kiganja juu ya bati na kukiacha bila kukiondoa kwa maumivu. Katika hali hiyo ya uvuguvugu tutajaribu. Ikikataa, tutatia tena mafuta yale ya kopo, si ya asetoni, na kuiacha ipoe usiku kucha, maana madini yakipoa huyavuta mafuta ndani. Moto wa mitungi ya gesi sitaki kuuona. Mipira ya petroli ya Volkswagen hizi ni ya zamani, imepita juu ya injini, na zimekwisha kuteketea nyingi pasipo mtu kuzisaidia.

Kabla ya kuiwasha, tazama sana jambo moja: silinda isiyowaka huendelea kunywa petroli, na petroli hiyo huosha mafuta yaliyo katika kuta zake. Kwa hiyo dakika chache ziwe chache kweli, wala mtu asiseme tuizungushe mpaka sokoni na kurudi.

Spana iwe ya boksi, ya pembe sita, inayolingana na plagi, nayo ni ya milimita 21, yenye mpira ndani wa kuishika kauri. Spana ya pembe kumi na mbili huteleza. Mpini usizidi sentimita 25, na mabomba yote yabaki nyumbani. Kwa plagi ya tatu tutahitaji mkono mfupi wa kurefushia na pengine kiungo kinachopinda. Lakini kiungo hicho kina hila, maana nguvu ikienda upande, spana huinama na kuivunja kauri. Kwa hiyo mkono mmoja ukishike kichwa cha spana kisimame sawa na plagi, na mkono wa pili uzungushe. Nguvu itokayo katika bega ni mbaya. Nguvu itokayo katika kiwiko yatosha.

Sasa mtashangaa nikisema ya kwamba mwendo wa kwanza ni wa kukaza. Kaza kidogo mno, kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa. Mara nyingi mwendo huo huuvunja ule unga, na husikika mlio mfupi kama kijiti kikavu kinachokatika. Kisha zungusha kinyume cha saa, nguvu ikipanda polepole bila kushtua. Ikitikisika, simama. Usishangilie, wala usiendelee. Tia mafuta, ngoja dakika kumi, irudishe ndani ulikoitoa, kisha itoe tena ukizidisha kidogo. Mbele kidogo, nyuma kidogo. Kazi hii ya hesi kumi yaweza kuchukua saa nzima, nayo saa hiyo si hasara. Ukisikia plagi inalia kama bawaba ya mlango wa ghala, ujue hesi ni kavu. Rudi nyuma, tia mafuta. Ukiona imekuwa ngumu zaidi kadiri inavyotoka, masizi yamejikusanya mbele yake. Irudishe ndani uyaponde. Na ukihisi mpini unakwenda lakini kwa namna ya mpira, unavutika na kurudi, hapo acha mara moja. Ama ganda la plagi linajisokota, ama alumini inaanza kukubali. Siku hiyo kazi imekwisha, na kesho ni siku nyingine ya mafuta.

Mwaweza kuniuliza: na ikivunjika? Nitasema kweli, kwa kuwa fedha ni zenu. Yaweza kuvunjika. Ikivunjika kauri peke yake, si msiba. Vipande vinyonywe kwa mashine ya kufyonza vumbi iliyofungwa bomba jembamba mdomoni, na spana bado ina pembe za kushika. Ikikatika pembe sita na kuacha ganda ndani ya hedi, kiko chuma cha kuchomolea chenye hesi za mkono wa kushoto, ambacho kadiri unavyokizungusha kinyume cha saa ndivyo kinavyojichimbia ndani ya ganda mpaka kulitoa. Kabla ya kukitumia, injini izungushwe kwa mkono mpaka pistoni ya silinda hiyo ifike juu na vali zote mbili zimefunga, ili kisiwepo kiti cha vali kilicho wazi kwa vipande kukalia. Na zikiraruka hesi, nazo zina dawa: tundu hukatwa upya kwa tapu iliyo pana kidogo, iliyopakwa grisi ya kunata katika mifereji yake ili ikamate vumbi la alumini, kisha hutiwa koili ya waya wa chuma kisichoshika kutu, yenye hesi mpya ndani. Koili hiyo ikitiwa vema huzidi hesi za kwanza kwa uimara, na mara nyingi yaweza kutiwa bila kushusha injini. Fundi wetu hakuitaja, labda kwa kuwa hana tapu yake. Kwa hiyo hata tukishindwa, gharama ya kushindwa si lazima iwe ile iliyoandikwa katika barua yake.

Wenye motokaa za aina nyingine wasidhani nimewasahau. Land Rover za petroli za lita mbili na robo, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1958, zina hedi ya chuma cha kusubu. Hapo ni chuma ndani ya chuma. Adui ni kutu, na hesi zake zastahimili mkono mzito kidogo, ingawa sikuwaambia mlete mabomba. Joto halisaidii sana hapo, kwa kuwa madini yote mawili hupanuka karibu sawa. Peugeot 404 na 504 zina hedi ya alumini kama yetu, na plagi zake zimezama ndani ya mirija mirefu inayopita katika kifuniko cha vali. Wazee mliosikiliza habari za Safari Rally ya mwaka 1966 na 1967, alipoishinda Bert Shankland kwa Peugeot 404, mwajua jinsi injini ile ilivyo imara. Lakini mirija ile hukusanya mafuta na maji kama kisima, na mwenye kuifungua plagi bila kukausha kisima kwanza huyamwaga yote ndani ya silinda. Wala msidhani ukaidi huu ni wa motokaa kongwe tu. Katika injini moja ya Ford ya lita 5.4, yenye vali tatu kwa kila silinda, iliyouzwa Marekani kati ya mwaka 2004 na 2008, plagi ziliundwa kwa vipande viwili vilivyounganishwa, na masizi yalikishika kipande cha chini hata mara nyingi kikabaki ndani fundi alipoifungua. Wahandisi wa kiwanda kikubwa nao walishindwa na masizi. Basi sisi tusijidharau.

Plagi ikiisha kutoka, tundu lipitishiwe tapu ya kusafishia hesi ya milimita 14 kwa 1.25, iliyopakwa grisi, na izungushwe kwa vidole tu. Kisha plagi mpya iingie kwa mkono mtupu, bila spana. Huu ndio mtihani wa kweli: plagi inayokataa vidole imeingia upande, itoe uanze tena. Kipande cha mpira wa petroli kilichovikwa juu ya kauri ni mkono mzuri wa kufikia mahali pa plagi ya tatu, na kina faida kuwa huteleza kabla ya kuharibu hesi. Plagi ikikaa, kama ni mpya na ina washa yake, ongeza kwa spana nusu mzunguko, isizidi theluthi mbili. Kama ni ya zamani iliyorudishwa, washa yake imekwisha kubonyea, hivyo sehemu moja ya kumi na mbili ya mzunguko yatosha. Mwenye spana yenye kipimo cha nguvu na aiweke katika Nm 25 hadi 30.

Kuhusu grisi ya shaba ambayo wengi huipaka katika hesi: baadhi ya watengenezaji wa plagi huikataza, wakisema plagi zao zimekwisha kupakwa madini ya kuzuia kutu, na grisi hufanya hesi ziteleze hata mtu akakaza kupita kiasi bila kujua. Kwa Kombi yetu, baada ya mateso haya, mimi ningepaka kidogo sana, isifike ncha, na kukaza kwa nguvu pungufu. Mwenye maoni mengine aseme wakati wa maswali. Lakini kile kizibo cha mpira cha waya sharti kinunuliwe. Bei yake ni ndogo kuliko ya soda, na kukosekana kwake ndiko kulikotuleta hapa.

Naomba jambo la mwisho. Plagi nne za zamani zisitupwe siku hiyo. Zipangwe juu ya gazeti kwa namba zake, tuzisome. Ncha yenye rangi ya hudhurungi nyepesi au kijivu yaonyesha silinda yenye afya. Nyeusi kavu ni petroli kuzidi hewa, nyeusi yenye ute ni mafuta yanayopanda kutoka chini, na nyeupe yenye malengelenge ni moto kuzidi. Nitaitazama ile ya tatu kwa shauku, maana ikiwa ni nyeupe, plagi mpya haitakaa salama kama hewa ya feni haijafika hapo, nasi itatubidi kusafisha mapezi ya kupozea kabla ya kumpakia mgonjwa yeyote. Wakati huo huo namwomba Bwana Katibu atie safu moja zaidi katika daftari la Kombi, kati ya safu ya mafuta na safu ya magurudumu, nayo iandikwe tarehe plagi zilipotolewa, kilomita zilizokuwa zimekwenda, na rangi ya kila moja.

Mafuta ya kupenya ninayo kopo moja, na spana ya boksi nimeazimwa. Wanahitajika watu wawili wenye vidole vyembamba. Bwana Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali kabla ya kura.